UZI: Kava la manifoldi na foili inayong'aa – tuache kubishana, tupime (mafundi na madereva wa Tanga karibuni)

FundiChuda

Wakuu salaam.

Hapa mjini ukipeleka gereji gari ambalo bati linalialia chini ya boneti, mara nyingi dawa ni moja: kava la manifoldi, yaani bati linalofunika mabomba ya moto yanayotoa moshi kwenye injini, linang'olewa, linatupwa kwenye vyuma chakavu. Kelele imekwisha, mteja ameridhika. Baada ya muda stata, mota ya kuwashia injini, inaanza kugoma gari likiwa la moto. Waya zilizo jirani zinakauka ganda hadi linakatika ukilikunja. Maunting, mpira unaoshikilia injini, inapasuka. Mteja anauziwa stata, anauziwa maunting, na hakuna anayemwambia kwamba vitu vyote hivyo vilikuwa vinakaa kivulini na kivuli kimeondolewa.

Upande wa pili wapo wenzetu wa foili. Wamefunga karatasi inayong'aa kila mahali, kisha wanapiga picha bunduki ya kupimia joto ikisoma namba ndogo juu ya foili na namba kubwa pembeni yake. Wanaituma kwenye magrupu: "mnaona kazi hiyo?" Watu wanalipa hela nzuri kwa ajili ya picha ile.

Jambo hili linaniuma kwa sababu linapimika. Na ukilipima vibaya utaamini uongo kwa moyo mweupe kabisa.

Joto linatoka kwenye manifoldi kwa njia tatu. Linapita chuma kwa chuma kwenye bolti na breketi. Linabebwa na hewa. Na linasafiri kwa mionzi, ule mnururisho tuliosoma shule ya msingi, joto unalolihisi usoni ukiwa mbele ya jiko la mkaa hata kama upepo unavuma kutoka mgongoni mwako. Bati linalong'aa kazi yake ni kwenye hiyo ya tatu. Kwa zile mbili za kwanza, kung'aa hakusaidii kitu.

Lakini hiyo ya tatu si ndogo. Uso mweusi ulio kwenye digrii 300 unatoa karibu kilowati 6 kwa kila mita ya mraba. Ukifika 500 unatoa karibu kilowati 20. Joto limepanda digrii 200 tu, mionzi imezidi mara tatu. Ndiyo kanuni aliyoitoa Josef Stefan mwaka 1879: mionzi inakwenda kwa kipeo cha nne cha halijoto, ukihesabu kutoka sifuri halisi, yaani digrii 273 chini ya sifuri yetu. Kwa hiyo gari likipanda mlima na manifoldi ikaiva, mionzi inaongezeka kwa kasi kuliko mtu anavyodhani.

Chuma chenye kutu au masizi kinapokea sehemu kubwa ya mionzi inayokifikia, asilimia 80 hivi na zaidi. Aluminiamu safi inayong'aa inapokea chini ya asilimia 10, iliyobaki inairudisha ilikotoka. Hapo ndipo faida ilipo. Na hapo hapo ndipo bunduki inapodanganya.

Kitu kisichopokea mionzi vizuri hakitoi mionzi vizuri pia. Bunduki zetu nyingi zimewekwa kiwandani zikidhani kila kitu kinatoa asilimia 95 ya mionzi. Ukiielekeza kwenye foili, inaona mionzi kidogo ya foili yenyewe na mionzi mingi ya vitu vya pembeni vinavyoakisiwa humo. Inakupa namba ndogo. Foili inaweza kuwa ya moto wa kukubabua na bunduki ikasema ni vuguvugu.

Jaribuni nyumbani. Chukua kopo tupu la maziwa ya unga, toa lebo yote. Upande mmoja upake rangi nyeusi isiyong'aa, au ushikilie juu ya kibatari upate masizi. Mimina maji yanayochemka, funika, elekeza bunduki pande zote mbili. Kopo moja, maji yale yale. Mtaona wenyewe. Mskoti John Leslie alifanya jaribio la namna hii mwaka 1804 kwa sanduku la chuma lenye maji ya moto, kabla gari halijakuwepo duniani.

Nitaendelea na namna ya kupima kwenye gari. Karibuni.

MwanaPongwe

Mkuu nimetoka jikoni sasa hivi. Upande wa masizi bunduki imesoma tisini na kitu. Upande unaong'aa haikufika hata hamsini. Nikasema labda bati lile limepoa, nikaligusa. Nimeruka! Kidole kiko kwenye maji ya baridi ninavyoandika.

Sasa nauliza. Hizi bunduki wengi tunazo. Kama haziaminiki kwenye kitu kinachong'aa, tutapimaje foili iliyokwisha fungwa kwenye gari?

FundiChuda

Pole mkuu, na asante kwa kujaribu.

Jibu fupi: usipime foili. Pima kile unachokilinda. Wewe hujafunga foili ili foili iwe baridi, umefunga ili stata isiive, au betri, au bomba la mafuta. Bati linaweza kuwa la moto sana na bado linafanya kazi yake vizuri mno.

Kama ni lazima upime uso unaong'aa, bandika kipande cha solotepu nyeusi ya umeme, subiri kishike joto la bati, pima juu yake. Ile tepu inaanza kulegea kwenye digrii 80 hivi, kwa hiyo kwenye sehemu za moto zaidi paka doa la rangi nyeusi ya kuhimili moto, ile ya majiko, na upime hapo. Sogeza bunduki karibu, kwa sababu inasoma duara zima, haisomi nukta nyekundu peke yake. Kile kinukta ni cha kulengea tu.

Kizuri kuliko bunduki ni themokapo aina ya K, ule waya mwembamba wenye kichwa kidogo unaochomekwa kwenye multimita zenye alama ya joto. Fundi umeme wengi wanayo na hawaitumii. Waya wenyewe unahimili zaidi ya digrii 1,000, ila zile za bei ndogo ganda lake huungua mapema, kwa hiyo usiulaze juu ya manifoldi. Funga kichwa chake kwenye stata kwa waya wa chuma au klipu ndogo, pitisha mkia hadi ndani ya gari, endesha. Kuna kung'aa au hakuna kung'aa, hauna habari.

KijanaChumbageni

Mimi napinga kidogo. IST yangu nimevisha bomba la hewa foili ya gundi kutoka kwenye eya klina hadi throto, mlango wa hewa wa injini. Gari limekuwa jepesi. Hewa baridi ni nguvu, hilo kila mtu anajua.

FundiChuda

Kaka, hewa baridi ni nguvu kweli. Hewa ikipungua digrii 10 inazidi uzito kwa asilimia 3 hivi, na injini inapata oksijeni zaidi kwa kiasi hicho. Sibishi hapo.

Ila angalia muda ambao hewa inakaa ndani ya lile bomba. Injini ya lita 1.5 ikiwa kwenye mizunguko 2,500 inavuta lita zaidi ya kumi kila sekunde. Bomba lenyewe lina ujazo wa lita moja na nusu au mbili. Maana yake hewa inapita humo kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Haipati nafasi ya kupashwa na ukuta wa bomba, uwe umevishwa au haujavishwa. Kinachoamua zaidi ni mdomo wa bomba unanyonya kutoka wapi: mbele kwenye upepo, au nyuma ya rejeta.

Unaloweza kupata ni pale gari limesimama na injini inaunguruma, foleni ya kivuko cha reli au kituo cha daladala. Hapo hewa inakwenda polepole. Gari lako lina soketi ya OBD, ya kusomea kompyuta ya gari, na kile kifaa kidogo cha bluetooth kinasoma joto la hewa inayoingia. Pima na foili, bandua, pima bila foili, barabara ile ile, saa ile ile. Usituletee "limekuwa jepesi". Tuletee namba, hata zikinipinga nitazipokea.

DerevaWaMombo

Shikamooni wakubwa. Mimi naendesha Hiace ya dizeli, Tanga kwenda Lushoto. Injini iko chini ya kiti, mnaijua. Tukianza kupanda kutoka Mombo kwenda Soni nyayo zinaungua na abiria wa mbele anaanza kugeuka huku na huku. Niliwekewa foili chini ya lile kava la injini. Nikapima nikiwa Lushoto, joto la sakafu limepungua sana kuliko nililopima Tanga mjini kabla ya kuwekewa. Nikaona imefanya kazi. Sasa nikisoma uzi huu naanza kujiuliza.

FundiChuda

Marahaba dereva, na swali lako ndilo zuri kuliko yote hapa.

Lushoto iko juu, karibu mita 1,400. Hewa ya kule wakati wa kaskazi si hewa ya Tanga. Ukitoa namba ya mjini, mchana wa Februari wenye digrii thelathini na kitu, ukailinganisha na namba ya Lushoto jioni, umelinganisha miji, hujalinganisha foili. Dawa yake ni kupima joto la hewa ya nje kivulini kila unapopima sakafu, ukatoa. Andika tofauti: sakafu imezidi hewa kwa digrii ngapi. Hiyo ndiyo namba inayosafiri nawe.

Na pima sehemu moja tu ya njia. Soni ni pazuri kwa sababu umeshapanda, injini imeiva, na mzigo unajulikana. Siku moja na foili, siku nyingine bila foili, gari likiwa na abiria wa kukaribiana. Pima ukiwa umesimama, kisha acha injini ikiwa imezimwa robo saa, upime tena. Watu wengi hawajui kwamba joto baya linakuja baada ya kuzima: feni imesimama, upepo hakuna, maji hayazunguki, na manifoldi bado inamwaga joto lake lote juu ya vitu vilivyo jirani. Ndiyo maana stata inagoma unaporudi kutoka dukani, haikugoma ulipotoka nyumbani.

Kwa Hiace nategemea utapata faida ya kweli, kwa sababu kava la injini linakaa juu ya chuma cha moto likiwa na nafasi ya hewa katikati, na hewa yenyewe haipiti kwa kasi. Hayo ndiyo mazingira foili inayoyapenda. Hakikisha tu zile mpira za ukingoni mwa kava ni nzima. Zikiwa zimechakaa, hewa ya moto inapanda moja kwa moja miguuni na foili haiwezi kuizuia.

MwanaPongwe

Mkuu, namna ya kupima kwenye gari umeshatupa. Je, bila gari? Mimi sina gari, nina mabati na udadisi.

FundiChuda

Haya, hili ndilo nililokuwa nalisubiri kwa hamu.

Tafuta pasi ya umeme ya zamani ambayo hamuitumii tena kwenye nguo. Uso wake upake rangi nyeusi ya kuhimili moto, ukauke vizuri. Isimamishe wima, kama mtu anavyoiacha akipumzika kunyoosha. Nasema wima makusudi: ukiilaza na kuweka bati juu yake, hewa ya moto inayopanda itakuchanganyia hesabu. Ikisimama, hewa inapanda zake na mionzi inakwenda mbele.

Mbele yake, umbali wa sentimita 5 hivi, simamisha kipande cha bati kilichopakwa rangi nyeusi pande zote. Hicho ndicho "stata" yetu. Kichwa cha themokapo kibane nyuma yake. Washa pasi, subiri hadi namba iache kupanda. Pasi ina kidhibiti kinachowasha na kuzima, kwa hiyo namba itacheza juu na chini. Chukua ile ya juu ikijirudia.

Kisha weka bati la kukinga katikati, lisiguse huku wala huku. Hapa sasa sikilizeni, kwa sababu ndipo wauzaji wanapotupiga. Usilinganishe "foili" na "bila kitu" peke yake. Tengeneza mabati mawili ya kufanana: moja linalong'aa, la pili lipake rangi nyeusi. Pima yote mawili. Maana bati lolote, hata bovu, hata jeusi, likikaa katikati linazuia sehemu ya joto. Ukiruka hatua hii utaipa foili sifa ya kitu ambacho bati la debe lingekifanya.

Kwa hesabu ya mionzi peke yake, bati jeusi linapunguza kwa nusu. Bati linalopokea asilimia 5 tu pande zote mbili linabakiza kama asilimia 3. Upande mmoja tu uking'aa, inabaki asilimia 6 hivi. Kwenye meza hutaona tofauti kubwa kiasi hicho, kwa sababu hewa nayo inabeba joto lake, ila mpangilio unatoka wazi: bila kitu, halafu jeusi, halafu linalong'aa, na pengo kati ya jeusi na linalong'aa linaonekana bila kutafuta miwani.

Kipimo cha mwisho: chukua lile zuri linalong'aa, lipake oili chafu kidogo, lirushie vumbi, lirudishe. Linaanza kuelekea kwa ndugu yake mweusi. Ndugu zangu wa Pongwe mnaoishi na vumbi la saruji, hili linawahusu.

MamaSahare

Samahani mafundi, mimi si fundi. Betri yangu inakaa karibu na manifoldi na nimebadilisha betri mara nyingi kuliko majirani. Kijana mmoja ameniambia ataizungushia ile foili ya paa, yenye mapovu ya plastiki katikati, eti ni nzuri na rahisi. Nimkubalie?

FundiChuda

Usimkubalie dada yangu, angalau si kwa namna hiyo.

Yale mapovu ni plastiki ya polithini, inayeyuka kwenye digrii mia na kumi hivi. Juu ya dari ni salama. Karibu na manifoldi inaweza kuyeyuka, ikadondokea eksozi, na hapo tunazungumzia moto wa gari. La pili, foili ni chuma, inapitisha umeme. Ikigusa vichwa vyote viwili vya betri, au kichwa chanya na bodi, ni shoti papo hapo.

Ila shaka yako kuhusu joto ni ya haki kabisa. Betri za risasi na asidi zinachukia joto; ikipanda digrii 10 hivi, umri wake unapungua karibu nusu. Mwambie akate bati la aluminiamu, lisimame peke yake kati ya manifoldi na betri, likiwa limefungwa kwenye bodi kwa bolti mbili, liachiwe nafasi ya vidole viwili kutoka kwenye betri, na ukingo wa juu uwe chini kuliko vichwa vya betri. Zile bati nyembamba za uchapaji zilizokwisha tumika zinafaa sana, zinakatika kwa mkasi wa bati. Kabla ya yote aitazame oltaneta kama haichaji kupita kiasi, kwa sababu hiyo nayo inaua betri na bati halitaiponya.

MzeeRaskazone

Vijana mmenifurahisha. Mimi nilikuwa baharia wa injini. Kule mabomba ya eksozi yanavishwa vitambaa vya kuhimili moto. Kwa nini gari lisivishwe vile vile kuliko kuhangaika na mabati?

Na kuna gari la Waingereza, McLaren F1, la miaka ya tisini, chumba cha injini kilivishwa dhahabu. Lilikuwa pambo?

FundiChuda

Shikamoo mzee wetu. Halikuwa pambo. Dhahabu inarudisha mionzi ya joto vizuri sana, na haipati kutu wala haififii. Aluminiamu ikiwa safi inaikaribia, na kwa mfuko wetu inatosha.

Kitambaa kinafanya kazi, ila kwa njia nyingine: kinalizuia joto lisitoke kwenye bomba. Kwa hiyo bomba lenyewe linakuwa la moto zaidi. Na sisi tunaishi na chumvi ya bahari. Gari likilala, kitambaa kinashika unyevu na chumvi, bomba linaoza ndani kwa ndani bila mtu kuona. Melini kuna watu wa kukagua kila zamu. Kwenye daladala hakuna. Ndiyo maana mimi nalipendelea bati lenye nafasi ya hewa.

Chumvi hiyo hiyo inaila aluminiamu inapogusana na chuma. Weka washa ya mpira wa silikoni au paka grisi panapofungwa bolti, mbali na moto mkali.

Niongeze la klachi, kwa kuwa liko kwenye moyo wangu. Magari ambayo bomba la klachi linapita karibu na eksozi, msilisahau. Humo mna maji ya breki, na ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kuanzia digrii 205. Yakishanyonya unyevu yanashuka hadi 140. Unyevu Tanga tunao wa kutosha.

DerevaWaMombo

Swali la mwisho mkuu. Bati langu linang'aa upande mmoja, wa pili umefifia. Upande upi uangalie injini? Na kava la manifoldi la Noah ya shemeji yangu bado liko gereji, limetupwa pembeni kwa sababu lilikuwa linalia. Nilinunue jipya?

FundiChuda

Kwa mionzi inayofika upande wa pili, hesabu inatoka karibu sawa ukigeuza vyovyote. Tofauti ni bati lenyewe. Ukielekeza kung'aa kwenye injini, bati linabaki baridi zaidi na chochote kinacholigusa kinapona. Ukikielekeza nje, bati linaiva ila halitoi sana. Upande wa injini ndio unaochafuka kwa oili, kwa hiyo kama huna muda wa kufuta mara kwa mara, kung'aa kwa nje kunadumu zaidi. Mimi nageuzia injini pale ambapo nafasi ni finyu, na nje pale penye uchafu mwingi. Foili ikibanwa katikati ya vitu viwili vinavyogusana, usihangaike nayo, haina kazi hapo.

La Noah, msinunue. Kalichukue leo kabla halijaenda kwa wanunuzi wa vyuma. Linalia kwa sababu tundu la bolti limepanuka kwa kutu. Weka washa pana juu na chini ya tundu, bolti mpya, kaza injini ikiwa baridi. Kama tundu limekwisha kabisa, zungushia kava na bomba klipu ndefu ya chuma isiyoshika kutu, ile ya kukazia mabomba ya rejeta, kaza kwa bisibisi. Kabla ya kulirudisha lisugue kwa brashi upande wa ndani, na msipake rangi.